Mwalimu Nyerere: Mateka wa Vita na Mahabusu wa Amani

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wanaoitafuta njia ya dini limo hili: je, vita vina sheria? Na mtu aliyekamatwa, akiwa ni adui au akishukiwa tu kuwa adui, ana haki gani mbele ya yule aliyemkamata? Wengi hudhani kwamba bunduki ikishalia hakuna tena halali wala haramu. Wewe ukaaye Bukoba au Muleba huna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Vita vilifika mlangoni pako, na Amiri Jeshi Mkuu wa siku hizo alikuwa mtu ambaye maisha yake yanafundisha mambo mawili kwa pamoja, moja la kusifiwa na jingine la kuhuzunisha. Huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Yeye alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Kikatoliki, tena mwenye kushika ibada zake. Lakini mwenye kutafuta haki huitazama popote ilipo, na dhuluma kadhalika.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wazanaki. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi. Akasoma Mwisenge pale Musoma, kisha Tabora, kisha Makerere, akafundisha, akaenda Edinburgh, na aliporudi mwaka 1952 akawa mwalimu Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikaundwa naye akiwa kiongozi wake. Hayo unayajua, wala sitayarefusha.

Lakini lipo tukio moja la mwaka 1958 ambalo nakuomba ulishike vema, kwa sababu tutalihitaji huko mbele. Gazeti dogo la chama, lililoitwa Sauti ya TANU, lilichapa maneno makali juu ya mabwana shauri wa Kiingereza. Serikali ya kikoloni ikamshtaki Nyerere kwa kosa la kashfa. Basi nini kilitokea? Alisimama kizimbani Dar es Salaam. Akatetewa na mawakili, mmoja wao akiwa D. N. Pritt, mwanasheria mashuhuri aliyetoka Uingereza. Mashahidi wakahojiwa. Hakimu akamwona ana hatia, akamtoza faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye akalipa faini akarudi kwenye kazi yake. Utawala ule ulikuwa wa kigeni na haukuchaguliwa na mtu yeyote katika sisi. Hata hivyo mshtakiwa aliambiwa kosa lake, akapewa nafasi ya kujibu, na akajua adhabu yake inaanzia wapi na inaishia wapi.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata ukazaa karatasi mbili zilizohusu watu waliokamatwa. Ya kwanza ni sheria ya kuwaweka watu kizuizini, iliyopitishwa na Bunge la Tanganyika mwezi Septemba 1962. Wakati huo Nyerere hakuwa Waziri Mkuu, kwani mwezi Januari alikuwa amemwachia Rashidi Kawawa. Lakini alikuwa ndiye mkuu wa chama, aliitetea sheria hiyo, na alipokuwa Rais tarehe 9 Desemba 1962 ufunguo wake uliwekwa mkononi mwake. Sheria hiyo ilimruhusu Rais, akiridhika tu nafsini mwake kwamba mtu fulani ni hatari kwa amani au kwa usalama wa dola, kuamuru afungiwe bila kushtakiwa. Amri hiyo haikuweza kuhojiwa katika mahakama yoyote. Kamati ya ushauri iliwekwa, lakini Rais hakulazimika kuufuata ushauri wake.

Karatasi ya pili ni Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo nchi yetu ilijifunga kwayo mwezi Desemba wa mwaka huo huo wa 1962. Mikataba hii inasema juu ya majeruhi, juu ya mateka na juu ya raia waliokumbwa na vita. Askari aliyetekwa halazimiki kutaja zaidi ya jina lake, cheo, namba na tarehe ya kuzaliwa. Hapigwi wala hateswi ili aseme. Vita vikiisha anarudishwa kwao bila kucheleweshwa. Mwislamu hatayaona mambo haya kuwa mageni, kwa maana anajua kwamba Kurani Tukufu, karne nyingi kabla ya Geneva, iliweka njia mbili tu kwa mateka baada ya vita: kuwaachia kwa hisani au kuwaachia kwa fidia. Na mateka wa Badri waliojua kusoma walipewa nafasi ya kujikomboa kwa kuwafundisha kusoma watoto wa Madina.

Tazama basi, msomaji. Katika mwaka mmoja mkono wa mtawala ulifungwa kuhusu adui wa kigeni, na ukafunguliwa kuhusu mwananchi. Sisemi kwamba hapakuwa na sababu. Nchi ilikuwa changa, askari wake wachache, na pale jirani Kongo ilikuwa inawaka; Patrice Lumumba alikuwa ameuawa mwezi Januari 1961. Hofu ilikuwa ya kweli. Lakini hofu ya kweli nayo huweza kumfikisha mtu mahali ambapo hakukusudia kwenda.

Hofu hiyo ilithibitika mapema. Tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito waliasi. Maasi yalipozimwa kwa msaada wa majeshi ya Waingereza, askari walioongoza maasi walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuhukumiwa vifungo. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walioshukiwa kushirikiana nao wao hawakupelekwa mahakamani. Waliwekwa kizuizini kwa amri. Yaani yule aliyeshika bunduki dhidi ya serikali alipata kesi, na yule aliyeshukiwa kwa maneno hakuipata.

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote. Abdullah Kassim Hanga alikuwa mmoja wa wakubwa wa Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, kisha akawa waziri katika Serikali ya Muungano. Mwaka 1967, baada ya kurejea kutoka Guinea, aliwekwa kizuizini, akashutumiwa hadharani na Rais mwenyewe, akaachiwa, kisha akakamatwa tena. Othman Shariff, aliyepata kuwa balozi wetu huko Marekani, naye alikamatwa. Mwaka 1969 watu hawa wawili walitolewa Bara wakakabidhiwa kwa Serikali ya Zanzibar chini ya Sheikh Abeid Amani Karume, kwa madai kwamba walishiriki njama ya kuipindua. Huko waliuawa. Hapakuwa na kesi ya wazi, hapakuwa na wakili, na watu wao hawakupewa hata maiti.

Huenda ukauliza: kosa la Mwalimu ni lipi, maadamu hakuwaua yeye? Swali hili ni la haki, na jibu lake linahusu kila mwenye kushika ufunguo wa gereza. Mtu uliyemfungia hana njia ya kukimbia, hana silaha, na amezuiwa kumwomba mwingine msaada. Kwa hiyo uhai wake umekuwa amana kwako. Ukimtoa mkononi mwako na kumtia katika mkono unaoujua kuwa hauna huruma, huwezi kunawa. Kama Hanga na mwenzake wangalifikishwa mbele ya hakimu wa Dar es Salaam, kama Nyerere mwenyewe alivyofikishwa mwaka 1958, hakimu huyo angaliuliza ushahidi uko wapi na wanapelekwa kwenye mahakama gani. Sheria ya 1962 ilikuwa imemwondoa hakimu huyo njiani.

Kwamba Mwalimu alijifunza katika jambo lile, tunaliona katika matendo yake. Tarehe 7 Aprili 1972 Sheikh Karume aliuawa kwa risasi. Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri wa Muungano hadi muda mfupi kabla ya hapo, alikamatwa Bara pamoja na wenzake wengine. Zanzibar iliwataka. Safari hii Nyerere alikataa kuwatoa. Huko Visiwani kesi ikaendeshwa katika Mahakama ya Wananchi bila wakili wa utetezi, na Babu akahukumiwa kifo hali hayupo. Lakini hukumu haikumpata, kwa sababu aliyemfunga alikuwa pia ndiye aliyemkinga. Ajabu ya jambo hilo haimwondolei Babu miaka yake. Alikaa kizuizini hadi Aprili 1978, miaka sita, bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote ya Bara. Na mwezi Februari wa mwaka huo huo waliachiwa ndugu wawili wa Oscar Kambona, waliokuwa ndani tangu 1967.

Kabla ya hapo, ng'ambo ya ziwa, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, lilitokea jambo la aibu. Mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama walikamata watu wengi waliotuhumiwa kwa mauaji ya kishirikina, wakawatesa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwao. Habari zilipomfikia Rais hakuzifunika. Mapema mwaka 1977 mawaziri wawili walijiuzulu, mmoja wao Ali Hassan Mwinyi wa Mambo ya Ndani, ambaye yeye binafsi hakumpiga mtu. Wakuu wa mikoa hiyo miwili wakaondoka. Na maofisa waliotesa wakashtakiwa na kufungwa. Ni serikali chache sana za wakati ule, kokote duniani, zilizowafunga maofisa wao wenyewe kwa kuwatesa mahabusu. Hapa Mwalimu anastahili sifa, nami sioni sababu ya kumnyima.

Miezi michache baada ya Babu kutoka gerezani, vita vikaja kwetu.

Haki inataka tuseme kwanza kwamba uhasama ule haukuanza siku hiyo. Idi Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, na Nyerere akampa Obote hifadhi. Mwezi Septemba 1972 wafuasi wa Obote wenye silaha walivuka kutoka ardhi yetu kwenda kumshambulia Amin. Walishindwa, na ndege za Amin zikalipiza kwa kutupa mabomu Bukoba na Mwanza. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba 1972 ukatuliza mambo kwa muda tu.

Mwezi Oktoba 1978 ndege za Uganda zilirudi kushambulia Bukoba, na mwishoni mwa mwezi askari wa Amin wakavuka mpaka na kuiteka nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni yake, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Wazee wa Bunazi, Kyaka na Minziro hawahitaji kuhadithiwa yaliyofuata: watu waliuawa, wanawake walinajisiwa, maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Waliosalimika walikimbilia kusini. Nawe ukaaye Muleba unajua kwamba atokaye Bukoba kwa barabara kwenda Biharamulo hupita kwako. Njia hiyo moja ilibeba wakimbizi na ilibeba majeshi. Huko Kaboya, wilayani mwako, ndiko yaliko makaburi ya mamia ya askari wetu wa vita vile.

Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu alilitangazia taifa kwamba nchi imevamiwa na kwamba itapigana. Mtu akivamiwa ana haki ya kujikinga. Katika hilo dini na sheria za mataifa hazitofautiani. Lakini haki ya kupigana haikupi haki ya kufanya lolote uwapo vitani, na jambo hilo lilionekana Februari 1979. Jeshi la Wananchi, likiwa limeshavuka mpaka, liliteka Masaka na Mbarara. Askari waliokwisha kuyaona yaliyofanyika Kagera waliibomoa miji ile kwa mizinga na baruti, kulipiza kisasi. Majengo ya watu wasiokuwa na ugomvi nasi yakawa vifusi, nao wakazi wake walikuwa wamemchoka Amin kuliko sisi.

Nyerere alipopata habari hizo alisikitika sana, akatoa amri kwamba kuanzia hapo raia na mali zao wasidhuriwe. Utasema amri ilichelewa, na Masaka ilikuwa imekwisha kubomolewa. Ni kweli. Hata hivyo pima hali yenyewe. Taifa lote lilikuwa na hasira, magazeti na redio vilikuwa vikimwita Amin nduli, na hakuna Mtanzania ambaye angalimlaumu Rais kwa kunyamaza.

Lipo na jingine la namna hiyo. Kanali Muammar Gaddafi wa Libya alituma askari wake kumsaidia Amin. Wengi wao waliuawa katika mapigano ya kutoka Lukaya mwezi Machi hadi Kampala tarehe 10 na 11 Aprili. Kampala ilipokuwa karibu kuzingirwa, Nyerere aliamuru barabara ya mashariki iendayo Jinja iachwe wazi ili Walibya wapate njia ya kuondoka. Makamanda wanajua thamani ya kumfungia adui. Yeye aliona kwamba damu ya wale vijana wa kigeni haikuwa lengo la vita, na kwamba uadui kati ya Waafrika na Waarabu ungalidumu baada ya Amin kusahauliwa. Walibya waliotekwa, idadi yao makumi kadhaa, waliletwa Tanzania wakiwa mateka, kisha wakarudishwa kwao. Amin mwenyewe alikimbia, akaishi Saudi Arabia, akafa mwaka 2003 bila kusimama mbele ya mahakama. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera.

Sasa, ndugu msomaji, weka pamoja Mlibya aliyekuja na bunduki na Babu aliyekuwa na kalamu. Yule alikaa miezi, huyu miaka sita. Ilikuwaje mtu yule yule awe mpole kwa adui na mgumu kwa raia wake? Nionavyo mimi, tofauti haikuwa katika moyo wake. Vita vina mwisho unaoonekana: mji umetekwa, adui amekimbia, mateka hana tena hatari. Lakini shaka haina siku ya mwisho. Anayeshukiwa njama hawezi kuthibitisha kwamba kesho hatafanya njama, na mtawala asiye na hakimu wa kumwambia basi ataendelea kuogopa kila asubuhi.

Jambo hili halikuzikwa na miaka ile. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, watu 11 wakafa, nao hawakuwa na kosa lolote. Mmoja wa washtakiwa, Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri, kisha akapelekwa Guantanamo, ambako Marekani iliwaweka watu bila kuwahesabu kuwa mateka wa vita wala mahabusu wa kawaida. Hatimaye mwaka 2010 kesi yake ilisikilizwa katika mahakama ya New York. Wazee wa baraza walimwachia katika mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani katika shtaka moja, akafungwa maisha. Mahakama iliweza basi kumpa mwenye hatia adhabu na huku ikikataa yasiyothibitishwa. Miaka ya siri haikuwa imeongeza kitu. Kwetu Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilitungwa mwaka 2002, na masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walioshtakiwa kwayo walikaa mahabusu kwa takriban miaka minane, hadi mashtaka yalipoondolewa Juni 2021. Hawakupatikana na hatia, wala hawakupata hukumu ya kuwasafisha.

Mwalimu aliacha urais Novemba 1985. Mwaka mmoja kabla, haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba, ingawa mahakama zilizuiwa kuzisikiliza hadi 1988. Yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba Katiba aliyotawala nayo ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Na Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipotoa taarifa yake mwaka 1992 na kutaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ile sheria ya kizuizini ya 1962 ilikuwa miongoni mwao.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23. Makaburi ya Kassim Hanga na Othman Shariff hayajaonyeshwa kwa watu wao.